Limbuko la Bafu Kuu

Niwieni radhi, ndugu zangu, kwa kuwasimulia nikiwa nimelala chali. Si dharau. Nimelala kwenye sakafu ya bafu langu tangu asubuhi, mguu wa kulia umegoma kunitii, na kwa kuwa sijapata wa kuniinua nimeona nisikae bure. Mtumishi wa umma hakai bure. Mkisikia nyundo zinagongwa kila upande msishtuke, hizo ni za heri, nitafika huko. Kwanza niwaeleze jinsi sisi wa Jamhuri ya Shukurani tunavyochagua msimu wa kukarabati mabafu, maana nasikia huko kwenu mtu anaamka tu, anamwita fundi, anabomoa. Aibu iliyoje!

Mimi naitwa Tindwa. Nimekuwa karani wa Wizara ya Majira na Mabafu kwa miaka ishirini na sita, dirisha namba nne. Naishi peke yangu. Mke wangu alikwenda kumsalimia dada yake miaka minne iliyopita na mpaka leo bado anamsalimia. Ukiniuliza nina kosa gani katika haya nitakayoyasema, nitakujibu bila kupepesa macho: sina. Mihuri yote niliyogonga ilinyooka.

Asili ya mambo ni hii. Zamani za mababu, mahindi mapya yakikomaa, hakuna aliyethubutu kuyatia mdomoni kabla mtemi hajalimbuka. Mtemi alikula hindi moja la kuchoma, akacheua, ngoma ikalia, ndipo watu wakala. Desturi nzuri, na ilimalizika kabla jua halijawa kali. Tulipojitawala, Baba wa Shukurani, mkuu wetu wa nchi, Mungu amzidishie miaka, hata ile aliyokwisha kujiongezea mwenyewe, akasema desturi za mababu zisiachwe zikafa bali zipanuliwe. Zikapanuliwa. Baba akalimbua barabara. Akalimbua umeme. Akalimbua dawa za malaria, akazimaliza. Mwisho ikafika zamu ya mabafu.

Sheria yenyewe ni fupi, hata mtoto wa chekechea anaiimba. Raia asiguse kigae wala bomba la bafu lake mpaka Bafu Kuu la Ikulu likarabatiwe, Baba aoge humo, atoke, aseme "Maji ni mazuri," na mzinga mmoja upigwe. Mzinga ukilia, kila raia asimame wima hapo hapo alipo, apige saluti. Kisha wananchi wote wana siku saba za kukarabati. Siku ya nane msimu unafungwa.

Mzinga ulikuwa haujasikika kwa miaka kumi na mmoja. Wenye midomo yao walisema ni uzembe. Uzembe gani? Kuna mwaka Bafu Kuu lilikuwa limekwisha kukarabatiwa kabisa, vigae vya kijani tupu, Baba akachungulia mlangoni akasema rangi ile inamkumbusha chura. Vikang'olewa. Mwaka uliofuata vikawekwa vya samawati, vizuri mno, lakini Baba alikuwa amesafiri kwenda kuoga nje ya nchi, yeye na ujumbe wa watu sitini, kwa kuwa mabafu ya humu ndani hayaaminiki. Aliporudi alisema ameona huko bafu la dhahabu. Mnataka akalimbue samawati mtu aliyeona dhahabu? Hebu kuweni na huruma.

*

Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Pazi Mbonde, ni msomi. Alipoona wananchi wanaanza kunung'unika, aliunda Tume ya kutafuta msimu ulio bora, na baada ya mwaka akaja redioni na majibu. Nilikuwepo studio, nilimshikia miwani.

"Mtu asiyesoma," alisema, "atawaambia kiangazi. Kwa nini kiangazi? Atasema saruji inakauka, ukuta hauna unyevu, madirisha yako wazi, ukungu haupati pa kushika. Ndugu wananchi, huo ni mtego! Kiangazi mabomba yetu hayatoi maji. Bafu bila maji utalijaribu kwa mate? Masika maji yapo, saruji haikauki. Vuli mvua haina msimamo, leo ipo kesho haipo, na serikali hii haifanyi kazi na mvua isiyo na msimamo! Kipupwe kuna baridi, na Baba hapendi baridi. Kwa hiyo, baada ya utafiti wa kina uliotufikisha katika nchi tisa, Tume inapendekeza msimu wa tano."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Hakuna aliyeuliza msimu wa tano unaangukia mwezi gani, na hilo ndilo jambo ninalolipenda kwa watu wetu.

Isipokuwa Magoma. Huyu ni fundi wa vigae hapa mtaani, mdomo wake hauna kufuli. Alisema hadharani, kibandani kwa muuza chai: "Masika yakiisha ngoja wiki tatu ukuta ukauke, piga kazi, acha saruji ishike, umemaliza. Marehemu baba yangu alijua hilo na hakupanda ndege hata moja." Wakamnyang'anya mwiko wake kwa miezi mitatu ili apate nafasi ya kutafakari. Alipoupata tena alikuwa mpole, akiongea anaangalia kwanza nyuma.

*

Sasa niwaeleze jirani zangu, maana bila wao nisingekuwa hapa chini.

Nyumba yangu na ya Mzee Dachi zimeegemeana. Bafu lake na langu yanatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali membamba. Mwenzako akikohoa unamwambia pole. Mzee Dachi alikuwa dereva wa treni, kastaafu. Mkewe, Bi. Mwajabu, ni mwanamke mfupi, mgumu, wa maneno machache. Mtoto wao Zaina ameolewa mbali.

Bafu lao lilikuwa la tangu enzi ya wakoloni. Vigae vimekufa, sakafu imelika, ukimwaga maji ya sabuni panakuwa na utelezi wa kamasi za konokono. Siku moja Mzee Dachi akaanguka humo, nyonga ikapasuka. Alilala miezi mitano. Daktari akamwambia Bi. Mwajabu mbele yangu, maana nilikuwa nimekwenda kumjulia hali na kuangalia kama ana kibali cha beseni jipya: "Mama, mfupa umeunga kwa bahati. Akianguka tena, hainuki. Tieni kitu cha kushika bafuni."

Bi. Mwajabu hakulala juu ya neno hilo. Kesho yake alikuwa dirishani kwangu.

"Jina?" nikamuuliza.

"Bwana Tindwa, si mimi Mwajabu? Jana nimekuletea bakuli la kunde."

"Ofisini sina jirani, mama. Jina kamili."

Akanitajia. Akaniambia pia la mume, la baba wa mume, na la fundi.

"Ombi?"

"Vigae vya kukwaruza mguu, visivyoteleza, na kishikio cha chuma ukutani. Basi. Fundi anasema ni kazi ya nusu siku."

"Mzee alianguka upande gani?"

"Kushoto."

Nikaweka kalamu chini. "Mama, kushoto hakumo kwenye fomu. Kuna kulia, kuna chali, kuna kifudifudi. Kushoto ni siasa."

"Sasa niseme alianguka vipi, na nyonga iliyopasuka ni ya kushoto?"

"Sema chali. Chali hakumuudhi mtu."

Akasema chali. Nikaandika, nikagonga muhuri. Nilimwonea huruma, sikatai, ndiyo maana nikamshauri.

"Na kibali kinatoka lini?"

"Msimu ukifunguliwa."

"Unafunguliwa lini?"

"Baba akioga."

"Ataoga lini?"

Baadhi ya waliopanga foleni wakakumbuka wana shughuli mahali pengine, wakaondoka. Swali la namna ile mtu ameshawahi kulilipia kwa kifungo cha miaka miwili. Mimi nikamfanyia hisani ya ujirani: nikajifanya sikusikia. Mnaona sasa kwamba nina moyo?

*

Tatizo la Mzee Dachi lilikuwa kiburi. Mkewe alitaka amwogeshe ameketi kwenye kiti cha plastiki, na angefanya hivyo bila kelele. Mzee akakataa katakata.

"Mwajabu, ulinikuta mtu mzima na utaniacha mtu mzima. Nitaoga mwenyewe na mlango nitaufunga." Kisha akanigeukia mimi, nikiwa nimekaa barazani kwao nakunywa uji wao. "Jirani, mimi nimeendesha treni miaka thelathini na mmoja. Mvua, giza, ng'ombe relini, sijawahi kuacha reli hata siku moja. Leo hii nije niangushwe na povu la sabuni ya mche! Hiyo serikali yako haioni haya?"

"Serikali inashughulikia, Mzee."

"Inashughulikia nini? Mimi nataka chuma cha urefu wa mkono. Kwenye behewa la daraja la tatu vilikuwepo kumi na sita."

Wakapatana hivi: atakuwa anaoga huku anapiga mluzi. Ule mluzi wa treni ikitoka stesheni, mmoja mrefu, miwili mifupi, anarudia mpaka anamaliza. Bi. Mwajabu ataketi nje ya mlango kwenye kigoda, roho juu, akisikiliza. Mluzi ukisikika, mume amesimama. Mluzi ukikatika, asukume mlango.

Nami kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, nikiwa upande wangu wa ukuta nanyoa ndevu, nilikuwa nausikia. Ulikuwa mluzi wa mtu anayeogopa. Unaanza vizuri, halafu pale anapoinama kuchota maji unatetemeka.

Hivyo wakaishi mwaka mmoja na nusu. Kiangazi kikapita, saruji za watu zikakauka ndani ya mifuko. Dirishani kwangu Bi. Mwajabu alikuja kila Jumatatu. Nilimwambia avute subira, nilimwambia kwamba mvumilivu hula mbivu. Mara moja tu alinijibu. Alisema, "Mbivu zenyewe si mnazila nyie?" Nikamuonya.

*

Masika yaliyofuata, Jumapili moja adhuhuri, mvua inanyesha kweli kweli, nikasikia kitu ukutani. Du. Du. Du. Nyundo iliyofungwa kitambaa. Kwanza nikadhani ni radi. Halafu nikasikia sauti ya Magoma, ikinong'ona, "Shika hapo mama, nikaze." Nikajua.

Jumatatu asubuhi mluzi ulikuwa mwingine kabisa. Ulikuwa mnene! Mzee aliupiga kwa madaha, akachota maji bila kutetemeka, akachomeka hata nyimbo za kazi humo katikati, na Bi. Mwajabu nje ya mlango nikamsikia anacheka. Sikuwahi kujua kwamba anacheka. Nilijikata kidevu kwa kusikiliza.

Mtanielewa nikisema dhamiri ilinisumbua sana. Nilihangaika nayo siku tisa. Siku ya kumi nikaishinda, nikaandika taarifa.

Wakaguzi walikuja wawili, na spana. Nilisimama mlangoni kama shahidi wa mtaa. Kishikio kilikuwa kipande cha bomba la inchi moja, kimepakwa rangi nyekundu, ile rangi ya vichwa vya treni. Walikifungua, wakakitoa, yakabaki matundu mawili ukutani yakimwaga vumbi.

"Kimefungwa masika," mkaguzi mkubwa akasema. "Hata kisheria tukiacha, kiufundi saruji haijashika. Tunawaokoa na ajali."

Bi. Mwajabu alikuwa amesimama na upawa mkononi, ameacha mboga jikoni. "Baba, hicho kimembeba mume wangu siku tisa. Hamkuona alivyo mzito?"

"Mama, usibishane na utaalamu."

Mzee Dachi hakupiga kelele. Alikaa juu ya kitanda chake, akawaambia, "Niachieni basi hizo skrubu tu. Nitashika hizo."

"Skrubu ni kidhibiti, Mzee," wakamjibu, wakazifunga kwenye karatasi.

Wakati wanatoka, Bi. Mwajabu aliniangalia. Nikatazama juu kuona kama mvua imekatika.

*

Ilikuwa Ijumaa, siku tatu baadaye. Nilikuwa nimeshapaka povu mashavuni. Mluzi ukaanza, ule wa woga, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Wa pili mfupi haukuja.

Nikasikia kishindo, si kikubwa. Kisha mlango ukasukumwa, na Bi. Mwajabu anaita, "Baba Zaina! Baba Zaina!" Kisha akagonga ukuta kwa ngumi. "Jirani! Jirani, njoo unisaidie kumwinua! Jirani!"

Mara tatu aliita. Mimi nina tabia, siitiki nikiwa na wembe mkononi. Ni hatari, na tena ofisi hufunguliwa saa moja na nusu. Nilipomaliza kunyoa na kujipangusa nilikwenda. Walikuwa wamejaa majirani wengine. Mzee alikuwa chini, upande wa kushoto, mkaidi mpaka mwisho. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeegemea ukutani, vidole viwili vimeingia kwenye matundu mawili ya kishikio. Ilibidi wavitoe kimoja kimoja.

Kwa kuwa bafu lilikuwa chini ya uchunguzi, maiti haikuweza kuoshewa humo. Wenzake wa reli walimwosha uani, nyuma ya khanga nne. Mtu aliyekataa kuogeshwa maisha yake yote! Bi. Mwajabu alilia siku ile kwa sauti ambayo ukuta wangu haukuizuia, na mimi nililia pia, kidogo, nikiwa kazini, wakati wa mapumziko.

*

Mheshimiwa Waziri mwenyewe alikuja mazikoni. Magari saba. Alisimama juu ya udongo wa kaburi ili aonekane vizuri, akasema: "Watu wanasema marehemu alianguka. Nakataa! Marehemu hakuanguka. Marehemu aliinama kuisubiri serikali yake! Na serikali imefika!"

Palepale akatangaza kwamba nyumba ya marehemu itapewa Bafu la Mfano. Serikali haifungwi na misimu yake. Mafundi arobaini wakaja kesho yake, mvua ikinyesha vile vile, wakamaliza kwa siku nne. Ndugu zangu, lile lilikuwa bafu! Vigae vya kukwaruza mguu kutoka ng'ambo. Dirisha la kupitisha hewa. Na vishikio vya shaba, si kimoja, vitatu, kimoja cha akiba endapo atakuja mgeni. Juu ya mlango wakaweka kibao cha jiwe chenye jina la Waziri kwa herufi kubwa na la Mzee Dachi kwa zilizobaki.

Siku ya uzinduzi Bi. Mwajabu alipewa mkasi akakata utepe, akapewa kipaza sauti atoe shukurani. Mimi ndiye niliyemwandikia, ukurasa mmoja na nusu. Hakuusoma. Aliingia bafuni, akakishika kile kishikio cha katikati kwa mikono miwili, akaning'inia. Miguu yake ilitoka sakafuni kabisa, mama mtu mzima mwenye eda, mbele ya kamera. Akakaa hivyo kitambo, khanga inamcheza. Kishikio hakikutikisika.

Akashuka. Akasema kwenye kipaza sauti, "Kinashika." Akarudisha kipaza sauti, akaenda jikoni kwake.

Makofi yalipigwa. Mimi sikuona shukurani katika neno lile, nikaliandika kwenye daftari.

Kilichofuata ni Waraka wa Matunzo, na hapa naomba wenye mabafu msikilize. Watu wanadhani kulitunza bafu ni kupangusa maji baada ya kuoga, kufungua dirisha, kusugua viungo vya vigae kabla ukungu haujaota, kuziba ufa ungali mdogo. Hizo ni mbinu za kimaskini. Waraka unasema bafu huchakazwa na kitu kimoja tu, nacho ni mtumiaji. Kwa hiyo Bafu la Mfano likafungwa kwa mnyororo, kufuli na lakiri ya serikali siku ile ile, na Bi. Mwajabu akapewa karatasi ya kusaini kila wiki kwamba halijaguswa. Yeye akawa anaoga uani, nyuma ya zile khanga nne. Mimi ndiye niliyeteuliwa kukagua lakiri, kwa kuwa ni jirani.

*

Mwezi uliopita nikaanguka. Bafu langu mimi ni la umri ule ule, na mimi sikuwahi kujiombea kibali, maana haipendezi karani kujipendelea. Niliteleza nikashika hewa. Nikaita, "Jamani! Nisaidieni!" Nikagonga ukuta.

Sikuita mara ya pili. Bi. Mwajabu aliingia mbio, khanga imefungwa kifuani, maji yanamtiririka. Alinitia mikono kwapani kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. Halafu akasita, uso wake karibu na wangu.

"Bwana Tindwa. Ile nyundo uliisikia wewe?"

"Mimi husikia kila kitu, Bi. Mwajabu."

Nilisikia anavyohema. Nilifikiri ataniachia, na mikono yake kweli ililegea kidogo. Kisha akasema, "Haya. Inuka, kichwa chako kisije kikagonga sinki." Akaniinua, akanikalisha kitandani, akanifunika, akanichemshia uji.

Nilipokuwa nakunywa ule uji ndipo nikaona. Alikuwa na povu sikioni. Povu jeupe, zito, la maji mengi ya bomba. Kwa ndoo na kopo uani hupati povu la namna ile. Na nywele zilikuwa zimelowa mpaka kwenye shina. Nikamuuliza alikuwa wapi nilipomwita.

"Nilikuwa naoga," akasema. "Kwa mume wangu."

Sasa niambieni, ningefanya nini? Uji ulikuwa mtamu, nilimshukuru kwa dhati. Kisha nikaomba kalamu.

Walimkuta na ufunguo aliochongewa na Magoma, na nta ya kuirudishia lakiri. Magoma akarudishwa kutafakari. Bi. Mwajabu amepelekwa Chuo cha Shukurani, kozi ya misimu minne, na kwa jinsi misimu yetu inavyohesabiwa sijui atarudi lini. Alipopita mlangoni kwangu na wale askari alinisalimia tu, "Hujambo, jirani. Mguu unaendeleaje?" Nikasema unaendelea vizuri. Bafu lake wamelifunga kwa minyororo miwili, na kwa kweli linatunzwa, halina hata tone.

*

Na leo asubuhi, ndugu zangu, saa kumi na mbili na nusu, nikiwa nimejipaka sabuni mwili mzima, nikausikia. Mzinga! Baada ya miaka kumi na minne! Redio ya mtaani ikapaaza: Baba ameoga! Baba amesema maji ni mazuri! Machozi yalinitoka. Na mimi si mtu wa kusahau sheria kwa sababu niko uchi. Nikasimama wima hapo hapo nilipo, nikaleta mkono kwenye paji la uso, nikagonga kisigino sakafuni kwa nguvu zangu zote za miaka ishirini na sita.

Ndivyo nilivyofika hapa chini. Kulia, nashukuru. Kulia kumo kwenye fomu.

Nimeita sana. Lakini msimu umefunguliwa, na watu wamengoja mno. Kila nyumba inabomoa, kila ukuta unagongwa, wanawake wanapiga vigelegele na saruji inakorogwa mpaka barabarani. Hakuna anayeweza kumsikia mtu katika nyundo zile. Nimegonga na ukuta wa jirani pia, kwa mazoea. Upande wa pili kuna minyororo miwili na vishikio vitatu vya shaba.

Sina wasiwasi. Msimu ni siku saba tu, si nyingi. Siku ya nane utafungwa, nyundo zitanyamaza, na mtu yeyote akipita atanisikia. Mpaka hapo najaribu kupiga mluzi, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Wa pili mfupi kila nikiujaribu, pumzi inakuwa imekwisha.